Aliyekiinamia Kinyago

Kisanduku cha kioo kilikuwa kizima. Hakikuvunjwa, hakikuchubuliwa, na kufuli lake lilikuwa limefungwa barabara. Kilichokosekana ni kinyago peke yake.

Inspekta Zipporah Kemunto alikizunguka kisanduku kile mara mbili, mikono mgongoni. Ndani kilibaki kitambaa cheusi cha mahameli chenye kibonyeo katikati, pale uso wa mbao ulipokuwa umelala. Kwa watu wengine kibonyeo ni kibonyeo tu. Kwa Zipporah kilikuwa mwanzo wa mazungumzo.

"Huyu hakuwa na haraka," alisema hatimaye.

"Unajua namna gani, Chef?" aliuliza Sajenti Jules, aliyemwita mkubwa wake wa kazi kwa Kifaransa cha kwao.

"Amefunga. Wewe umeshaona mwizi wa kufunga nyuma yake?"

Jules alizaliwa Bukavu, akalelewa Edmonton, kaskazini mwa London. Zipporah alizaliwa Kisii, naye akalelewa Edmonton hiyo hiyo, mitaa miwili tu kando. Wakiwa kazini walizungumza Kiswahili kila walipotaka wasisikilizwe, yeye cha kwao, mwenzake cha kwao, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye anayekiharibu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakiilowesha mitaa ya Holborn. Jengo lile lilikuwa ofisi ndogo ya maonyesho ya serikali ya Korea Kusini. Haukuwa ubalozi, na watumishi wake hawakuwa na kinga ya kidiplomasia. Ndiyo maana polisi waliitwa, na ndiyo maana mkurugenzi wake, Bwana Pyo, alikuwa anafuta miwani yake kila baada ya sentensi mbili.

"Ni hazina ya taifa," alisema Bwana Pyo. "Uso wa bibi harusi. Umechongwa karne nyingi zilizopita. Mkaguzi kutoka jumba la makumbusho lililotuazima anatua leo alasiri. Nitamwonyesha nini? Kitambaa?"

"Funguo za kisanduku wanazo akina nani?"

"Watu watatu. Mimi, mkuu wa idara Bi. Maeng, na afisa mdogo, Bi. Noh. Mimi nilikuwa Edinburgh tangu Ijumaa, kwenye mkutano. Watu mia wameniona."

"Na kamera?"

Bwana Pyo aligeuza kompyuta yake. Ilikuwa picha ya Jumapili, ofisi imefungwa, ukumbi mtupu. Mtu aliingia akiwa amevaa koti refu la rangi ya haradali, kofia, miwani ya jua na barakoa nyeusi. Hakuonekana hata kipande cha ngozi. Alifika mbele ya kisanduku, akavua viatu, akaweka mikono mbele ya tumbo, akainama. Aliinama kwelikweli, kichwa kikashuka hadi usawa wa magoti, akatulia hapo kwa muda. Kisha akainuka, akafungua, akakichukua kinyago kwa mikono miwili, akafunga, akaondoka.

"Rudisha nyuma," alisema Zipporah.

Waliitazama tena. Jules alikuna kidevu.

"Ameomba ruhusa ya kuiba," alisema. "Mwizi mwenye adabu."

Bwana Pyo hakucheka. "Koti hilo nalijua. Kila mtu hapa analijua. Ni la Bi. Noh."

Koti lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano nyuma ya mlango wa chumba cha wafanyakazi. Jules alilitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Nimeshaongea na Seoul," Bwana Pyo aliendelea kwa sauti ya chini. "Sisi tunaishi kwa imani ya wananchi, Inspekta. Mtumishi wa umma akitiliwa shaka ya namna hii, hatusubiri. Msipomkamata ninyi leo, kesho asubuhi anapanda ndege kurudi nyumbani, na hatakuwa na kazi tena."

* * *

Noh Yerin alikuwa mwembamba, umri wake haujafika thelathini na tano. Alikuja kwenye mahojiano amevaa barakoa nyeupe iliyomfunika kuanzia chini ya macho hadi kidevuni.

"Naomba uivue," alisema Zipporah.

"Nina mafua makali. Ndiyo kwanza narudi kutoka likizo ya ugonjwa. Sitaki kuwaambukiza."

Ofisi ile haikuwa kituo cha polisi, na mafua si kosa la jinai. Zipporah aliiacha barakoa, akayatazama macho. Chini ya kila jicho, kupitia poda iliyopakwa kwa uangalifu mkubwa, palijitokeza rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Alizijua rangi hizo. Alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye kitengo cha wanawake wanaopigwa majumbani.

"Kuna mtu amekuumiza?"

"Hapana."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, New Malden."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Koti lako lilikuwa wapi?"

"Hapa ofisini. Nililiacha kabla sijaugua."

"Uliugua nini?"

Vidole vya Bi. Noh vilikuwa vikiizungusha kalamu. Ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza.

Hapo ndipo Zipporah alipoona jambo lililomkaa kichwani. Bi. Noh hakuinama. Alichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka, shingo wima, macho mbele, na mkono ukapapasa sakafu mpaka ukaikuta kalamu. Alichuchumaa kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji.

"Bi. Noh, unajua kesho watakurudisha?"

"Najua."

"Na bado huniambii kitu?"

Macho ya yule mwanamke yalilengwa na machozi, lakini alijizuia kwa nguvu, akainua uso kuelekea dari mpaka yakakauka. "Nilifanya mtihani wa kuingia serikalini mara tatu nikifeli," alisema. "Mara ya nne nikapita. Mama yangu ana kibanda cha mboga sokoni. Siku ile alifunga kibanda, akazunguka soko zima akiwaambia watu, binti yangu ni mtumishi wa serikali. Sijaiba, Inspekta. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Zipporah aliandika maneno yale, na moyo ukamgusa zaidi ya alivyopenda. Mama yake mwenyewe, aliyewaosha na kuwalisha wazee wa watu kwa miaka ishirini, alikuwa na picha ya bintiye katika sare, na kila mgeni aliyetia mguu nyumbani kwao Edmonton alionyeshwa kabla ya kupewa chai. Kanisani hakuitwa Mama Zipporah tena. Aliitwa Mama Inspekta, na aliitika kwa sauti.

* * *

Bi. Maeng Okhui alikuwa mtu wa aina nyingine. Nywele zenye mvi zimebanwa nyuma, suti ya kijivu isiyo na kunyanzi hata moja, na uso wenye mikunjo ambayo hakujisumbua kuificha. Alikuwa anastaafu mwishoni mwa mwaka. Serikali ilikuwa imeshamwandalia nishani.

"Nimetumikia tangu nikiwa msichana," alisema. "Kwenye faili langu hakuna doa. Waulize."

"Sina shaka. Niambie kuhusu kinyago."

Hapo sura yake ikabadilika, ikawa changa ghafla. Alionyesha picha ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokuwa ukutani: mwanamume aliyevaa joho jeupe, mguu mmoja hewani, uso wa mbao umefunika wake.

"Baba yangu. Alikuwa mcheza ngoma ya vinyago, bora kuliko wote wilayani kwetu. Hicho alichokivaa ni nakala. Kile cha asili alikipenda kuliko alivyonipenda mimi, na maisha yake yote hakuruhusiwa kukigusa. Aliniambia kinyago si kipande cha mti. Hukichukui tu kama kikombe. Kwanza unakisalimu."

"Unakisalimu vipi?"

Bi. Maeng alitabasamu kidogo, akajikaza. "Hiyo ni mila ya wachezaji, Inspekta. Haihusiani na wizi."

"Na Bi. Noh, unamwonaje?"

"Nimemfundisha kazi mimi mwenyewe. Ni mchapakazi. Lakini muulizeni kwa nini anaficha uso."

Alisema hivyo akiwa anatazama dirishani, na Zipporah akaliweka neno hilo akibani.

* * *

"Chef, hii habari iko mwepesi," alisema Jules walipokuwa kwenye jiko dogo la wafanyakazi wakitafuta maji ya chai. "Koti ni ya ule binti. Barakoa ni ya ule binti. Pahali alikuwa, hana mutu wa kushuhudia. Tumukamate, twende kula."

"Tumbo lako ndilo linaongoza upelelezi?"

"Tumbo yangu haijanidanganyaka hata siku moja."

"Acha zako. Hebu niambie, kama wewe ni mwizi na unataka usijulikane, utavaa koti ambalo ofisi nzima inalijua?"

Jules alifikiri. "Nitavaa ya kwako."

"Enhe! Sasa ndiyo umeanza kazi."

Jules alifungua friji kutafuta maziwa. Kwenye rafu ya chini palikuwa na vifuko vingi vya maji ya rangi ya chungwa, kila kimoja kimeandikwa jina la Bi. Noh na kuchorwa boga dogo.

"Juisi ya boga?" alishangaa Jules. "Hawa watu wanakunywaka boga? Labda ni dawa ya kupunguza mwili."

"Na yule apunguze nini? Amebaki mifupa."

Zipporah alikigeuza kifuko kile mkononi. Michubuko chini ya macho. Barakoa. Mgongo usiokunjika. Boga. Vitu vinne vilikuwa vimekaa mbele yake, na alijua kwamba kuna mtu mmoja London anayeweza kumwambia vinaitwaje kwa pamoja. Alitoa simu.

Mardhiya alikuwa nesi wa upasuaji wa uso katika hospitali moja kubwa ya mjini, mzaliwa wa Unguja, rafiki wa Zipporah tangu siku aliposhona jeraha la Jules kwa maneno makali kuliko sindano. Walikutana naye kwenye mkahawa ulio ng'ambo ya barabara ya hospitali, mapumziko yake yakiwa mafupi.

"Habari za mgonjwa wa mtu sikwambii, ujue kabisa," alisema Mardhiya kabla hata hajaketi. "Hata ukija na jeshi zima."

"Sikuulizi mgonjwa, dada yangu. Nauliza boga."

Mardhiya aliangua kicheko. "Maji ya boga? Ah, hao ni Wakorea wangu! Akishapasuliwa uso wake, awe amefanya kope, awe amefanya pua, mama yake humletea maji ya boga. Wanasema yanaondosha uvimbe. Wodi yetu ilikuwa imejaa, mpaka daktari akauliza kama tumefungua duka."

"Na michubuko chini ya macho?"

"Pua. Pua ikinyooshwa, damu hukusanyika hapo. Inaanza zambarau, inakuja kijani, inamalizia manjano."

"Na kuinama?"

"Nani ainame?" Mardhiya aliweka kikombe chini. "Wiki za mwanzo hainami mtu, hapigi chafya kwa nguvu, hata kulia tunamkataza. Akishusha kichwa, damu yote inakimbilia puani. Atatoka damu hapo hapo, na kazi ya daktari yote imeharibika. Tunawafundisha kuchuchumaa hivi, mgongo wima."

Akasimama, akachuchumaa katikati ya mkahawa huku watu wakimtazama. Jules alimgeukia Inspekta wake, mdomo wazi.

"Tumbo linasemaje sasa?" aliuliza Zipporah.

"Tumbo inaomba musamaha."

* * *

Mpelelezi mwingine angerudi mbio kumwambia Bwana Pyo. Zipporah hakuwa mpelelezi wa namna hiyo, na katika hili alijivuna, tena kwa haki. Alimwita Bi. Noh pembeni, kwenye ngazi za nyuma, akasema naye kwa upole.

"Najua kuhusu pua yako."

Bi. Noh aliushika ukuta.

"Kwa nini hukuniambia? Ungesema, ningekufuta kwenye orodha ya washukiwa asubuhi ile ile."

"Kwa sababu nilidanganya. Nilianguka nikiwa mtoto, pua ikapinda. Maisha yangu yote watu wananiangalia pua kabla ya macho. Nililifikiria jambo hili miaka mingi, Inspekta. Picha ya kitambulisho, picha ya pasipoti, maneno ya wenzangu, wananchi watakaosema mtumishi wao anapoteza wakati kujipamba. Nikasema nitafanya London, hapa hakuna anayenijua. Lakini siku zangu za mapumziko zilikuwa zimeliwa na maandalizi ya maonyesho. Nikasema nina mafua. Kwetu, likizo ya ugonjwa ni ya ugonjwa. Mtumishi akiitumia kwa urembo ameiibia serikali. Nikijitetea kwa wizi mmoja, nakiri mwingine."

"Nani mwingine anajua?"

"Mkuu wa idara. Aliniletea uji nyumbani nilipokuwa naumwa. Aliuona uso wangu. Alinihurumia, akaahidi hatasema."

Sasa Zipporah alijua kwa nini koti lilikuwa lile na si jingine. Mwizi alikuwa amemchagua mtu asiyeweza kufungua mdomo.

"Mimi siwezi kukusemea," alisema. "Nikikutangaza mimi, nimekuvua nguo mbele za watu. Nitajaribu kulimaliza bila wewe. Lakini wewe ndiye unayejua utasimama wapi."

Kisha alikwenda kwa Bwana Pyo, akaomba picha za kamera za wiki nzima.

"Wizi ulitokea Jumapili," alisema Bwana Pyo. "Za nini hizo nyingine?"

"Nataka kuona kinyago kikiwa bado kipo."

Jumatano hakuna kitu, ni wageni tu. Alhamisi hivyo hivyo, na Ijumaa pia. Jumamosi, baada ya milango kufungwa, Bi. Maeng alitokea ndani ya suti yake ya kijivu, uso wazi, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Alisimama mbele ya kisanduku. Zipporah alisogea karibu na kioo cha kompyuta, na Jules nyuma yake akasema kitu cha kwao Bukavu ambacho si cha kuandikwa hapa.

* * *

Aliwakusanya ukumbini mbele ya kisanduku kitupu: Bwana Pyo, Bi. Maeng, Bi. Noh na barakoa yake. Mkaguzi alikuwa ameshatua Heathrow. Bwana Pyo alikuwa hafuti miwani tena. Alikuwa ameivua na kuishika tu.

"Nimewaiteni mtazame jambo moja," alisema Zipporah. Aliweka kompyuta juu ya meza. Upande mmoja, Jumapili: koti la haradali. Upande wa pili, Jumamosi: suti ya kijivu.

Wote wawili walivua viatu. Cha kulia kwanza, kisha cha kushoto, vikapangwa sambamba. Wote wawili waliweka mikono tumboni. Wote wawili walishuka, kichwa hadi usawa wa magoti, wakatulia, wakainuka taratibu wakianza na mabega. Halafu mikono miwili, vidole chini ya kidevu cha kinyago, kama mtu anayempokea mtoto mchanga.

Zipporah alisimamisha picha.

"Bi. Maeng, Jumamosi ulikitoa kinyago?"

"Kukifuta vumbi. Ni kazi yangu."

"Ulikipeleka chumba cha nyuma, ambako hakuna kamera."

"Ndiko kwenye meza ya kufanyia kazi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa kanisani." Bi. Maeng hakupepesa macho. "Inspekta, wewe ni mgeni wa mila zetu. Kuinama kwetu ni kama kupeana mikono kwenu. Mkorea yeyote anaweza kuinama hivyo. Hata Bi. Noh anaweza."

Macho yote yakamgeukia afisa mdogo.

Zipporah alitaka kusema. Alikuwa na maneno mdomoni, na yalikuwa maneno mazuri. Aliyameza. Alimwona Bi. Noh anasimama, anapiga moyo konde, anapeleka mikono nyuma ya masikio na kuivua barakoa.

Plasta nyembamba ilipita juu ya pua yake. Uso ulikuwa bado umevimba kidogo, manjano na kijani hadi mashavuni. Aliuinua wote mwangani.

"Mimi siwezi," alisema. "Nimepasuliwa pua. Mkurugenzi, nilisema nina mafua na nilidanganya. Nilitumia siku za ugonjwa ambazo si zangu. Niadhibu kwa hilo, nitasaini mwenyewe. Lakini tangu nipasuliwe sijainamisha kichwa mbele ya mtu wala kitu. Ningeinama Jumapili, damu ingekuwa kwenye sakafu hii." Kisha akamgeukia yule aliyemfundisha kazi. "Na wewe ulijua, mkuu wa idara. Uliniletea uji."

Rangi ilimtoka Bi. Maeng. Kwa mara ya kwanza mgongo wake ulilegea, na akatafuta kiti kwa mkono.

Zipporah alimpa onyo la kisheria taratibu, kila neno mahali pake: ana haki ya kukaa kimya, ana haki ya wakili, na atakalolisema laweza kutumika mahakamani. Bi. Maeng alitikisa kichwa kukubali kwamba ameelewa. Kisha akasema hata hivyo.

"Kidevu kimepasuka," alisema.

"Lini?"

"Jumamosi. Nilikivaa." Alikitazama kisanduku. "Baba alikufa bila kukigusa. Mimi ninastaafu, kinyago kinarudi kwenye ghala, hakuna mtu wa ukoo wetu atakayekuwa karibu nacho tena. Nikasema nikivae kwa niaba yake, nihesabu pumzi chache tu, nikirudishe. Kamba ilikuwa imezeeka. Ikakatika, kikaanguka, nikakirudisha hivyo hivyo."

"Ungesema imekatika."

"Maisha yangu yote bila doa, Inspekta, halafu niwaambie nimevunja hazina ya taifa kwa sababu nilitaka kucheza ngoma? Nishani yangu ingekuwa kichekesho. Mkaguzi alikuwa anakuja leo, angeuona ufa. Kinyago kilichoibwa hakina ufa."

"Ukachagua koti la Bi. Noh."

"Koti lilikuwa pale. Na yeye alikuwa..." Alitafuta neno, akalipata kwa shida. "Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Nilijiambia yeye ameshauchezea uso wake, ameshadanganya, hana heshima ya kupoteza. Mimi ninayo. Ndivyo nilivyojiambia."

"Ulijua kamera ipo. Kwa nini uliinama?"

Bi. Maeng alicheka kicheko kidogo, kikavu. "Njia nzima kwenye treni nilijikumbusha nisiiname. Nikafika mbele yake, mwili ukainama wenyewe. Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma."

"Na sasa kiko wapi?"

"Utanipekua nyumba?"

"Nitaipekua. Lakini najua hukukichoma. Mtu anayekiinamia hivyo hawezi kukichoma."

"Jikoni kwangu," alisema Bi. Maeng. "Ndani ya pipa la mchele, nimekifunga kwa hariri. Mchele hauruhusu unyevu."

Jules alikuwa ameshashika funguo za gari. Alirudi jioni haijaingia, amebeba boksi mikononi kama keki ya harusi, na uso wa bibi harusi ulikuwa ndani yake, ukitabasamu kama kawaida, na ufa mwembamba kidevuni ambao fundi mzuri angeuziba kwa wiki moja.

* * *

Kabla hawajaondoka na Bi. Maeng, Bwana Pyo alivaa miwani yake. Alisimama mbele ya Bi. Noh kwa muda, mtu wa kanuni akipima kanuni zake.

"Nitaandika ripoti ya likizo yako," alisema. "Utapewa onyo, na siku zile zitakatwa. Sitaficha kitu."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Tiketi ya kesho nimeifuta." Akakohoa. "Mkaguzi anafika sasa hivi. Nitahitaji afisa anayeyajua maonyesho haya. Utampokea wewe."

"Na uso huu?"

"Unao mwingine?"

Jules alikohoa kuficha kicheko. Zipporah hakuficha. Alicheka waziwazi, na kifua kikamjaa fahari, ya kazi yake na ya yule mwanamke mwembamba aliyekataa kuokolewa kwa uongo. Mama Inspekta angekisikia kisa hiki Jumapili, bila majina, na kanisa zima lingekisikia Jumapili hiyo hiyo.

Bi. Maeng aliomba kitu kimoja tu, kwamba asitiwe pingu mpaka afike mlangoni. Zipporah alikubali. Yule mama alipita mbele ya kisanduku kitupu bila kukitazama. Alipofika mbele ya Bi. Noh, alisimama, akavua viatu, akavipanga sambamba. Akaweka mikono tumboni. Mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi, aliinama mpaka kichwa chake chenye mvi kikafika usawa wa magoti, akakaa hapo.

Kwa desturi yao, mdogo hawezi kubaki amesimama huku mkubwa ameinama. Shingo ya Bi. Noh ilianza kushuka yenyewe, na Zipporah akanyoosha mkono kumzuia, lakini hapakuwa na haja. Bi. Noh alijishika, akainua kidevu, akasimama wima na uso wake mpya ukiwa wazi, akaipokea heshima ile mpaka ilipokwisha.